Vyombo vya Nyika ya Kubuni na Kasumba ya Petroli

Kuna swali ambalo twapenda kuliweka mbele ya walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao, nalo ni hili: mwandishi kijana anapobuni dunia iliyokufa, dunia ya majivu, kiu na upepo wa sumu, atawapakia watu wake katika chombo gani ili wavuke salama? Wako watakaocheka. Watasema kwamba hilo ni swali la kitoto, na kwamba fasihi ina mambo mazito zaidi ya magari yasiyokuwako katika nchi zisizokuwako. Sisi twasema la. Mtu habuni chombo kwa mikono mitupu; hukibuni kwa yale anayoyaamini juu ya nchi yake, juu ya mafundi wake, na juu ya nani anayestahili kufika. Gari la kubuni ni ushahidi: humfichua aliyemfundisha mwandishi kuota.

Tuutazame basi ushahidi huo. Vijana wetu wanaojaribu fani ya hadithi za sayansi aghalabu hutuletea gari la namna moja. Ni gari la chuma lililojaa miiba, limetundikwa mafuvu ya watu, lina mtutu wa bunduki juu ya paa, na injini yake hunguruma tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Dereva ana jina la kigeni na miwani myeusi. Nchi nzima imekwisha kukauka, visima vimekufa, viwanda vimezimika miaka hamsini iliyopita, lakini gari halijazwi tangi hata mara moja. Tairi halipati pancha. Chujio la hewa halizibwi na vumbi, wala rejeta haichemki. Hakuna fundi, hakuna utingo, hakuna dumu la maji. Ugonjwa huu sisi tunauita kasumba ya petroli: imani kwamba nguvu ya kwenda hutoka mahali pasipojulikana, huletwa na watu wasiojulikana, na haiwezi kwisha. Ni ajabu kuiona imani hiyo katika nchi ambazo wazee wake wanakumbuka vizuri miaka ya foleni za mafuta, na jinsi Tanzania ilivyopata kuyazuia magari ya watu binafsi yasitembee alasiri za Jumapili.

Tusiwasingizie waliotangulia. Gari hilo la miiba lina asili yake, nayo ni asili ya heshima. Mwaka 1979 George Miller wa Australia alitoa filamu ya Mad Max. Miller alikuwa daktari, naye alikuwa ameona kwa macho yake majeruhi wa ajali za barabarani wakiletwa hospitalini. Mwenzake katika kuiandika, James McCausland, ameeleza kwamba walikuwa wakikumbuka pia shida ya mafuta ya mwaka 1973, na jinsi watu wa kawaida walivyokuwa tayari kupigana kwenye vituo vya petroli. Maana yake ni kwamba watu wale waliandika juu ya hofu yao wenyewe, katika barabara zao ndefu wenyewe, juu ya ulevi wa magari wa taifa lao wenyewe. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1981, petroli si kitu kinachosahauliwa. Petroli ndiyo kisa chenyewe, kwa kuwa watu wanauana kwa ajili ya shehena moja. Na katika ile ya mwaka 2015, iitwayo Fury Road, waundaji walitengeneza magari ya kweli yapatayo 150, lakini kabla ya magari waliijenga nchi: ngome moja inayomiliki maji, mji mmoja unaomiliki mafuta, na mahali pa tatu panapomiliki risasi. Gari linatembea kwa sababu ya biashara na dhuluma iliyomo kati ya mahali hapo patatu. Waigaji wetu wamechukua miiba, wakaiacha ile miji. Wamechukua ganda la nazi, wakamwaga tui.

Kuna jambo jingine katika habari ya filamu hiyo ambalo Mwafrika hana budi kulitafakari. Miller alikusudia kuipiga huko kwao, karibu na mji wa Broken Hill. Mvua kubwa zikanyesha, jangwa likachipua maua, likakataa kuwa picha ya mauti. Ndipo wakahamisha kazi, na mwaka 2012 wakapiga filamu yao Namibia. Nchi yao ilipoonyesha uhai, walikuja kwetu kutafuta kifo. Hatusemi kwamba walikuja kwa hila. Waliruhusiwa, walilipa, na watu wengi walipata kazi. Hata hivyo, mwaka 2013 zilitokea lawama kwamba magurudumu yao yameumiza ardhi na viumbe wa jangwa la pwani ya Namibia, na wakuu wa shughuli za filamu nchini humo wakazikanusha. Hatumo katika kesi hiyo. Kesi yetu ni nyingine: mamilioni ya watazamaji wameiona Namib wakaamini kwamba wameona dunia iliyokwisha.

Lakini Namib haikwisha. Humo mna mmea wa welwitschia, ambao una majani mawili tu na unaweza kuishi zaidi ya miaka 1000. Humo mna mende ambaye alfajiri hupanda kileleni mwa tuta la mchanga, akainamisha kichwa na kuinua mgongo, ili ukungu wa bahari uunde matone juu yake na matone yateremke kinywani mwake. Kando ya mto Kuiseb wanaishi Watopnaar, ambao tangu zamani hula tunda la nara linaloota penye michanga. Mwandishi anayetaka kubuni chombo cha nyikani angeweza kujifunza kwa mende huyo mambo mengi kuliko kwa mafuvu kumi ya bandia: angeweza kubuni gari linaloinua paa lake alfajiri na kunywa ukungu. Kijana wa Kiafrika anapoiga gari la Fury Road bila ya kufikiri, hujipakia ndani ya gari la mgeni na kuikanyaga nchi yake kana kwamba haina watu. Hilo ndilo tunalolipinga.

Tukiwa watu wa ushairi, tutalieleza kwa mfano wa ushairi. Shairi la kimapokeo lina vina na mizani, na mwenye kuvivunja bila ya sababu hatuambii kwamba yu huru, bali atuonyesha kwamba hajui. Nyika ya kubuni nayo ina vina na mizani yake. Mwandishi ana uhuru wote wa kuziweka sheria za dunia yake: kwamba mvua ni tindikali, kwamba mchanga huyeyusha mpira, kwamba usiku hudumu siku kumi na nne. Lakini akishaziweka, chombo chake sharti kizitii. Frank Herbert alilijua hilo alipoandika riwaya ya Dune mwaka 1965. Katika jangwa lake kuna minyoo mikubwa mno ambayo huvutwa na mtikisiko wa mdundo. Kutokana na sheria hiyo moja vyombo vyote vinazaliwa. Mashine ya kuvuna viungo vya thamani haiwezi kwenda peke yake. Sharti pawe na ndege ndogo za kuchungua mchanga na ndege kubwa ya kuinyakua mashine kabla mnyoo hajafika. Mtembea kwa miguu sharti avunje mdundo wa hatua zake. Na zaidi ya yote, wenyeji wa jangwa hilo wanampanda mnyoo mwenyewe, wakimwongoza kwa kulabu. Mgeni huleta mashine ikamezwa. Mwenyeji huigeuza hatari kuwa kipando chake. Somo hilo peke yake latosha muhula mzima.

Hata filamu yenye hadithi nyepesi yaweza kuwa na chombo kizito. Mwaka 1977 ilitoka Damnation Alley, yenye kuonyesha Marekani baada ya vita vya nyuklia. Kwa ajili yake fundi Dean Jeffries aliunda gari la kweli lenye magurudumu 12, yamefungwa matatu matatu mfano wa nyota, ili gurudumu moja likizuiwa na jiwe fundo zima lizunguke na gurudumu la pili lipande juu ya kizuizi. Kiwiliwili chake kilipindika katikati, na chombo kiliweza kuelea majini. Kila kiungo cha gari hilo ni jibu la swali lililoulizwa na njia mbovu. Hakuna mwiba hata mmoja wa kutishia.

Wako watakaosema kwamba hayo yote ni ndoto. Tuwapeleke basi kwenye nyika iliyo ya kweli na kali kuliko zote ambazo mwanadamu amepata kuendesha gari, yaani mwezini. Novemba 1970 Warusi waliteremsha huko Lunokhod 1, gari lisilo na dereva lenye magurudumu manane. Nguvu yake ilitoka kwa jua, kwa bamba lililowekwa upande wa ndani wa kifuniko chake. Usiku mrefu wa mwezi ulipoingia, lilifunga kifuniko hicho kama kobe ajifichavyo, likajitunzia joto hadi jua lirudi. Mwaka uliofuata Wamarekani wa Apollo 15 walipeleka gari la watu wawili. Hapa duniani lilikuwa na uzito wa kilo 210 tu, lilikunjwa kama kitanda cha safari, na magurudumu yake hayakuwa ya mpira. Yalikuwa yamesukwa kwa waya wa chuma. Tunarudia: yalisukwa, kama kisukwavyo kikapu. Na Desemba 1972, gari la Apollo 17 lilipovunjika kipande cha bawa la gurudumu na vumbi la mwezi kuanza kuwamwagikia, wanaanga waliunganisha ramani zao nne kwa utepe wa gundi, wakazibana kwa vibanio mahali pa bawa, kisha wakaendelea na safari. Fundi yeyote wa chini ya mwembe angeitambua kazi hiyo mara moja. Hata huko Marsi, gari la Curiosity lililotua Agosti 2012 lilipata kutobolewa magurudumu yake ya alumini na mawe makali, na gari lililofuata, Perseverance, likapewa magurudumu mazito zaidi. Kumbe wakubwa wa sayansi wanashonea viraka, wanasuka, wanaziba na kujifunza kwa matundu. Ila sisi katika hadithi zetu twataka gari lisilochakaa!

Sasa turudi nyumbani, kwani mtafuta kisima haanzi kwa kukifukia alicho nacho. Katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na barabarani, kuna chombo kiitwacho chukudu. Ni cha mbao tupu: ubao mrefu wa kupakia, mpini mpana mfano wa pembe za ng'ombe, na magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kuisukuma ardhi kwa mguu wa pili. Penye mteremko uzito wa mzigo wenyewe huwa injini. Chukudu hubeba makaa, viazi, mbao na kabichi kwa mamia ya kilo, juu ya barabara za mawe ya volkano. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake hata katikati ya mji huo, na Mei 2021 ukalipuka tena. Mwandishi anataka nyika ya hatari? Hiyo hapo: mlima wenye moto, ziwa lenye gesi, vita visivyokwisha. Anataka chombo kilichoizoea nyika hiyo? Nacho hicho hapo, na watu wa Goma wamekijengea sanamu katikati ya njia panda. Kinatengenezwa na seremala, kinaharibika mahali panapojulikana, na mtoto wa jirani aweza kukitengeneza. Tangu lini chombo cha namna hiyo kikawa duni katika dunia isiyokuwa na viwanda? Katika dunia hiyo lile gari la miiba litakuwa chuma cha kukalia kuku, na chukudu itakuwa bado inapita.

Na kabla ya chukudu palikuwa na mtepe. Wazee wetu wa pwani waliunda chombo cha bahari kisicho na msumari hata mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake ni mkeka. Baharia wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya kwanza aliutaja mji wa Rhapta, akasema kwamba jina lake latokana na mashua za kushonwa. Mwenye haraka atasema kushona ni umaskini wa chuma. Mwenye kufikiri ataona kwamba chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapogonga mwamba, hujipinda, kisha hushonwa tena palepale ufukoni kwa kamba iliyosokotwa palepale. Gurudumu la mwezini lililosukwa na ubavu wa mtepe ulioshonwa ni ndugu wa hekima moja: penye kishindo, kinachokubali kupinda hupona.

Lugha yetu nayo imekwisha kuifanya kazi ambayo waandishi wetu wanaiogopa. Usukani ulikuwa wa chombo cha bahari kabla ya kuwa wa lori. Rubani alikuwa mjuzi wa kuongoza jahazi kupita miamba kabla ya kupanda ndege. Na neno lenyewe chombo limevuka kutoka dau hadi gari, na kutoka gari hadi chombo cha angani, bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa nini basi mwanafunzi aandike jina la Kiingereza kwa kila kifaa cha gari lake la kubuni, ilhali ana omo na shetri, mkuku na mataruma, foromali na ngama, na anao ufundi wa kuunda maneno mapya kutokana na hayo? Gari la kuogelea mchangani lenye omo na shetri litakuwa la kwetu hata likitembea Marsi.

Tunazijua hoja za wapinzani, nasi hatuzikimbii. Ya kwanza ni ya wale walimu wanaokata kwa wino mwekundu kila insha yenye chombo cha kubuni, ati hiyo si fasihi ya jamii. Tunawauliza: mmeisoma Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995? Humo Dzombo aliyehukumiwa hutiwa ndani ya chombo ambacho kimekusudiwa kuwa kifo chake, na chombo hicho ndicho kinachomfikisha kwenye jamii iliyo bora kuliko ile iliyomhukumu. Mwenye kusema kwamba chombo hicho hakisemi lolote juu ya jamii hajakisoma. Bahati ya msomaji ni kwamba Mkangi hakusubiri ruhusa ya wino mwekundu.

Hoja ya pili husema kwamba taifa lisiloongoza katika kuunda magari halina haki ya kuyabuni. Kwanza, si kweli kwamba hatujajaribu. Kituo cha Nyumbu huko Kibaha kilibuni lori lililoitwa kwa jina hilo hilo. Kenya iliunda gari la Nyayo Pioneer, likaonyeshwa kwa umma mwaka 1990. Na Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011. Kwamba majaribio hayo hayakujaza barabara zetu ni jambo la kuchunguzwa na wachumi, lakini yatosha kumfunga mdomo asemaye kwamba mikono yetu haijui. Pili, hoja yenyewe imekaa kichwa chini. Anayengoja aunde ndipo aote hataunda kamwe, kwa kuwa hakuna fundi aliyepata kukata mbao ya mtepe kabla ya kuuona mtepe katika fikra zake.

Hoja ya tatu ni ya vijana wenyewe, nayo tunaiheshimu zaidi. Wanasema: "Mnataka turudi kwenye mikokoteni wakati wenzetu wanakwenda Marsi." La hasha! Hatukusema kila shujaa apande chukudu. Kijana akipenda, na aunde gari la jua, gari la sumaku, gari lenye miguu ya nzige. Tunachodai ni kwamba gari hilo lijibu nyika yake, na kwamba fundi wake awe mtu, si muujiza. Katika nchi hizi kopo limekuwa koroboi na tairi limekuwa katambuga. Lori lililokwama matopeni limetolewa kwa jeki, magogo, kamba na sauti za watu ishirini wanaosukuma kwa wimbo mmoja. Huo si ushamba wa kuonewa haya. Huo ni ujuzi wa kuishi penye uhaba, na dunia za kubuni za kutisha zote ni dunia za uhaba. Basi katika fani hii, ambayo wengi wanaidhani ya wageni, sisi ndio tulio karibu na chemchemi.

Hivyo basi tunatoa rai kwa walimu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wakae meza moja, watoe zoezi moja. Mwanafunzi abuni nyika, aziandike sheria zake kwa ukurasa mmoja, kisha abuni chombo na ajibu maswali matano. Nguvu yake hutoka wapi, na ni nani anayeimiliki? Huharibika wapi kwanza? Ni nani anayekitengeneza, na kwa kitu gani kilichopo palepale? Hubeba nani, na huwaacha nani? Na viungo vyake huitwaje kwa Kiswahili? Asiyeweza kujibu asipewe sifuri, bali arudishiwe kazi aifikirie tena. Swali la nne ndilo lipewe alama nyingi kuliko yote. Gari la miiba lina kiti kimoja, cha dereva. Chombo cha watu waliokusudia kuvuka pamoja kina nafasi ya mgonjwa, ya mama mwenye mtoto, ya mzee anayeijua njia, na ya mtungi wa maji. Mwandishi anayewasahau hao amekwisha kuamua ni nani afe nyikani, hata kama hakuliandika hilo. Na mwalimu asiyemwuliza habari zao amekubaliana naye.